Mguu uliokatwa ni wa kushoto, kisigino kilichooza ni cha kulia. Tuliouguza Kusini tuzungumze

Binti wa Mahuta

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za jioni.

Juzi nilikuwa stendi ya Mtwara nasubiri gari la Tandahimba. Pembeni yangu vijana wawili walikuwa wanampandisha baba yao kwenye basi la Newala. Mzee amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti, bandeji nyeupe safi kabisa, imefungwa na mtu anayejua kazi yake. Mguu wa kulia kavalishwa soksi, na pale kisiginoni soksi imelowa duara la majimaji ya kahawia, ukubwa wa kizibo cha soda. Moyo ulinienda mbio, kwa sababu duara lile nalijua. Nimelifua sana kwenye shuka za baba yangu.

Nikawafuata, nikamwamkia mzee, nikawauliza vijana kama wamekiangalia kile kisigino. Mkubwa akanijibu, "Dada, huo ndio mguu mzima."

Neno hilo ndilo limenifanya niandike usiku huu. Huo ndio mguu mzima. Hata sisi tulisema hivyohivyo.

Baba ni mkulima wa korosho na ana kisukari cha miaka mingi. Wakati wa kupuliza salfa alikanyaga kisiki shambani na hakusikia. Kisukari kikikaa muda mrefu mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa, kwa hiyo alitembea na kipande cha mti ndani ya unyayo siku tatu mpaka mama alipoona damu kwenye kandambili. Kufika Oktoba, wenzake wanaokota korosho, mguu umeoza hadi kwenye kifundo. Ukakatwa. Hospitali siitaji, na sina ugomvi na mtu. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri na kigutu kilipona bila tone la usaha.

Tulikuwa watu wanne tunapokezana kumuuguza. Tukiingia wodini asubuhi, cha kwanza kigutu. Kimevimba? Kinanuka? Daktari akipita raundi anafunua kigutu. Nesi anafunga kigutu. Mito miwili tuliyotoka nayo nyumbani, yote chini ya kigutu. Mguu wa kulia umelala tu juu ya lile godoro la plastiki, kisigino kimezama palepale usiku na mchana, siku 11.

Siku ya 11 namfuta mwili, nikauinua ule mguu nipitishe kitambaa. Nyuma ya kisigino palikuwa na doa rangi ya zambarau iliyoiva, na ukigusa panabonyea kama tunda lililoanza kuharibika. Nikamuuliza, baba, hapa panauma? Akanijibu, "Wapi?"

Baada ya siku chache doa likawa gamba jeusi. Tulikaa na kile kidonda miezi mitano. Mguu ulibaki, Alhamdulillah, lakini ilifika siku daktari alituita nje kuzungumza habari ya kuukata na huo.

Nilichokielewa baadaye, kwa kuuliza kila nesi na kila daktari aliyekubali kunisikiliza, ni kwamba kisigino kwa nyuma hakina nyama. Chini, pale tunapokanyagia, Mungu ameweka mto mnene wa mafuta. Nyuma ni ngozi halafu mfupa, na mfupa wenyewe umeviringa, kwa hiyo uzito wa mguu unaangukia mahali padogo kama sarafu. Damu ikibanwa pale haipiti, na nyama isiyopata damu inakufa. Inaanza kufa ndani, karibu na mfupa, kabla juu hakujaonekana kitu. Siku unayoliona doa, ugonjwa umeshakutangulia.

Sasa aliyekatwa mguu ana hatari juu ya hatari. Ganzi ya mgongo inamwacha saa kadhaa hawezi kuusogeza mguu wala kusikia kwamba unaumia. Akianza kupata nguvu anataka kujivuta juu kitandani, na kwa kuwa mguu ni mmoja, anakita kisigino kilekile na kujisukuma. Ngozi inang'ang'ania shuka, mfupa unateleza ndani, mishipa midogo inakatika katikati. Na ule mguu si mzima! Kisukari kilichoziba mishipa ya damu ya mguu wa kushoto kimo na kwenye wa kulia.

Naomba waliouguza na wataalamu mliomo humu mchangie, hasa namna ya kuweka mito, maana sisi tuliiweka kwa kukosea. Na wale vijana wa Newala niliwaachia namba yangu.

Kitunda Ng'ambo

Dada Binti, nakusoma nikiwa nje ya wodi hapa Lindi mjini. Mama yangu mdogo amekatwa mguu juu ya goti Jumanne, naye ni kisukari. Nimesoma nusu nikaomba ruhusa nikaingia kumwangalia. Kisigino kilichobaki sioni wekundu, maana mama mdogo ni mweusi sana. Ila nikigusa pana joto kuliko pembeni, na pamekuwa pagumu kidogo. Yeye anasema hapaumi. Ni kitu hicho au ni hofu yangu tu? Nifanye nini usiku huu? Mto nilionao ni mmoja, wa sufi.

Sista wa Zamu ya Usiku

Kitunda, hicho ni kitu, na umekigundua mapema. Soma haraka, kisha urudi ndani.

Mimi ni muuguzi, wodi ya upasuaji, mkoa huuhuu. Kwenye ngozi nyeusi kungoja wekundu ni kumpoteza mgonjwa. Tumia mkono. Linganisha nyuma ya kisigino na ngozi ya pembeni yake: joto limezidi au limepungua, pamekuwa pagumu au panabonyea, pamevimba, ngozi inang'aa, rangi imekolea kuliko jirani yake. Chochote kati ya hivyo kikikaa hata baada ya kuuondoa mguu kwenye godoro, hesabu kwamba jeraha limeanza. Na kauli ya mgonjwa wa kisukari kwamba hapaumi usiitegemee hata kidogo.

Usiku huu kisigino kitoke kwenye godoro kabisa. Kabisa maana yake kisiguse kitu. Mto ukae kwa urefu chini ya shavu la mguu, uanzie chini ya goti na uishie juu kidogo ya kifundo, kisigino kibaki kinaning'inia hewani. Wengi wanauweka mto kwa upana chini ya kifundo. Hapo umekiokoa kisigino ukaibebesha ile kano iliyo juu yake, na kidonda kitahamia huko. Uzito uenee kwenye shavu lote. Goti likunjwe kidogo sana, lisinyooke kama fimbo wala lisibinuke juu, maana likibanwa kwa nyuma damu ya kurudi inapata shida.

Ukimaliza, pitisha kiganja kati ya kisigino na shuka. Kipite bila kugusa. Halafu ngoja dakika kama 10 upitishe tena, kwa sababu mto wa sufi unashuka katikati ukishapata uzito. Ukiona umeshuka, kunja blanketi au vitenge viwili vigumu, viweke chini ya mto.

Kisha mwambie nesi wa zamu, kwa heshima lakini waziwazi: "Sista, kisigino cha mgonjwa kina joto na kimekuwa kigumu, naomba ukiangalie ukiandike kwenye faili." Kikiandikwa, zamu ya asubuhi itakiona, na daktari wa raundi ataulizwa.

Mpwa wa Mikindani

Wakuu, sisi bibi yetu alipolazwa tulijaza maji kwenye glovu mbili tukaziweka chini ya visigino, na jioni shangazi anasugua kisigino kwa mafuta ya nazi mpaka damu ichangamke. Hata wauguzi wa siku zile walitufundisha glovu. Nashauri Kitunda ajaribu, ni bure na haihitaji mto.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mpwa, shangazi alisugua kwa mapenzi na sithubutu kumlaumu. Glovu hata mimi nilifundishwa nikiwa mwanafunzi. Lakini tumeziacha. Glovu ya maji bado inagusa kisigino, na inakibana kwenye eneo dogo zaidi. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa na vyama vya wataalamu wa vidonda vya mgandamizo (hivi vya kulalia mahali pamoja) vya Ulaya, Marekani na ukanda wa Pasifiki, umezikataa waziwazi, pamoja na mifuko ya dripu, pete za nguo zilizoviringishwa, na pia pedi za manyoya ya bandia. Pete ni mbaya zaidi, inakata damu mzunguko mzima.

Kusugua ndiyo kabisa. Pale panapopata joto mishipa midogo ya ndani imeshaumia, na ukisugua unaimalizia. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu. Yapake taratibu kwa kidole, juu ya ngozi ambayo haijabadilika, uishie hapo. Usibandue ngozi, usikwangue kwa jiwe.

Niongeze soksi za kubana. Mgonjwa ambaye mguu wake umekatwa kwa sababu ya mishipa ya damu asivalishwe soksi hizo mpaka daktari apime kama damu inafika unyayoni. Na soksi yoyote ile ivuliwe kila siku, kisigino kitazamwe. Yule mzee ambaye Binti alimwona pale stendi, kidonda chake kilifichwa na soksi.

Kitunda Ng'ambo

Nimerudi. Mto umekaa kama ulivyosema, kiganja kinapita. Mto wa sufi ulishuka kweli, nimeongeza kitenge. Ila mto huo nimeutoa chini ya kigutu, na mama mdogo analalamika kwamba kigutu kimebaki chini kama hakina mwenyewe. Nimemkosea?

Fizio wa Kusini

Hukumkosea. Natibu kwa mazoezi, na kila wiki nagombana na hii mito ya chini ya kigutu.

Aliyekatwa juu ya goti ukimwekea mto chini ya kigutu siku nyingi, nyonga inakakamaa ikiwa imekunjwa. Aliyekatwa chini ya goti, goti lake linakakamaa. Siku ya kufungwa mguu wa bandia hawezi kunyooka, na mguu wa bandia hauwezi kuvaliwa na mtu aliyepinda. Nimewahi kumpokea mama mmoja, kidonda kimepona vizuri kabisa, goti limegoma kama bawaba yenye kutu. Siku za mwanzo daktari anaweza kuagiza kitanda kiinuliwe upande wa miguuni ili uvimbe upungue. Hilo ni agizo lake na lina muda wake. Mito ya huruma tunayoweka sisi ndugu haina muda, inakaa mpaka siku ya kutoka.

Kwa hiyo mto mmoja ulionao, Kitunda, mahali pake ni chini ya shavu la mguu uliobaki. Kigutu kilale kimenyooka juu ya godoro.

Daktari akiruhusu, na kama mama mdogo hana shida ya pumzi, alale kifudifudi dakika 20 hivi mara mbili au tatu kwa siku. Nyonga inanyooka na kisigino kinapumzika. Lakini angalieni vidole! Ukilala kifudifudi vidole vya mguu vinakita godoroni. Msogezeni chini mpaka unyayo utoke nje ya godoro, au wekeni mto chini ya muundi.

Akilala ubavu, msimlaze wima kama ubao. Mwegemezeni kidogo tu, nyuzi 30, blanketi mgongoni, maana akilala ubavu kabisa lile jicho la nje la kifundo ndilo linaloumia.

Kubwa kuliko yote, mfundisheni kujiinua bila kisigino. Kama kitanda kina chuma cha kuning'inia juu, ashike hicho kwa mikono miwili. Kama hakina, akite viganja pembeni ya makalio na kunyanyua makalio kwa mikono, goti likunjwe na unyayo mzima ukanyage godoro. Unyayo unabeba, kisigino cha nyuma hakibebi. Mkimvuta nyie juu, msimvute kwapani mguu ukiburuta. Wawili washike shuka ya chini kila upande, wa tatu anyanyue mguu kwa shavu, kisha mvute pamoja. Na kitanda kisiinuliwe sana upande wa kichwani, atateleza kwenda chini na kisigino ndicho kitakachofunga breki.

Dereva wa Masasi

Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, nimekatwa mguu wa kulia kwa ajali ya pikipiki barabara ya Masasi kwenda Nachingwea. Sina kisukari. Nilikuwa na miaka 26, nguvu zangu zote, na bado kisigino cha kushoto kilichubuka.

Nawaambia kilichotokea, maana ndugu hawakioni. Usiku mguu ambao haupo unauma. Vidole visivyokuwepo vinajikunja, vinaungua moto. Mtu ukiumwa hivyo unatafuta pa kukita. Mimi nilikuwa nakita kisigino cha kushoto kwenye godoro na kukisaga, nasaga mpaka alfajiri, bila hata kujua. Asubuhi shuka imejikunja rundo pale miguuni na lengelenge limepasuka. Ndugu zangu walifikiri shuka mbaya.

Kilichonisaidia ni kusema. Nilimwambia daktari kwamba naumwa mguu uliokatwa, nikiogopa ataniona nimechanganyikiwa. Hakunicheka. Akaniandikia dawa za mishipa ya fahamu, usiku ukatulia, na kisigino nacho kikatulia. Wauguzaji, mwulizeni mgonjwa wenu swali hilo. Wanaume wengi hatulisemi wenyewe.

Lingine ni la nyumbani. Nilipotoka, mama alikuwa ananikalisha barazani kwenye kiti na mguu anaupandisha juu ya kigoda. Kigoda cha mninga, kisigino juu ya mbao saa tatu nzima nikipokea wageni wa pole. Wageni wa Masasi mnajijua, anayekuja saa nne anaondoka baada ya chakula cha mchana. Muwekee mtu sponji ndefu chini ya shavu hata akiwa kwenye kiti.

Binti wa Mahuta

Kaka Dereva, hilo la kigoda limeniuma. Na sisi tulifanya.

Sponji, kwa wasio na mito: mafundi makochi wana mabaki. Nilikata kipande kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, kinene vidole vinne, kigumu, sio ile laini inayozama. Nikakishonea foronya mbili za khanga iliyochakaa, moja ikifuliwa nyingine inavalishwa. Khanga ya zamani ni pamba laini na inanyonya jasho. Hilo ni jambo kubwa huku kwetu pwani, joto la Desemba na godoro la plastiki ngozi inalowa mpaka inakuwa nyeupe kama ya dobi. Ngozi iliyolowa inachubuka upesi.

Na kuangalia: mgonjwa hawezi kukiona kisigino chake mwenyewe. Mimi nilikuwa naingiza simu chini ya mguu nawasha tochi napiga picha, kila asubuhi na kila jioni. Ukiweka picha ya leo na ya juzi pamoja unaona kilichobadilika, na baba mwenyewe alianza kuamini alipojionea.

Mzawa wa Nachingwea

Tuache kuzungukazunguka. Haya yote ni kazi ya wauguzi, na hawaifanyi. Mama yangu alikaa wodini wiki tatu, sikuona nesi hata mmoja ananyanyua mguu wake. Wanapita na trei ya sindano, wanaondoka. Ndugu ndio wauguzi. Na asiye na ndugu?

Sista wa Zamu ya Usiku

Ndugu yangu wa Nachingwea, pole kwa mama. Sitakukatalia uliyoyaona.

Usiku huu niko na mwenzangu mmoja, na wodi imejaa mpaka kwenye veranda. Kugeuza kila mgonjwa kila baada ya saa mbili, kama tulivyofundishwa, hakuwezekani kwa mikono minne. Nasema hivyo ujue kwa nini tunawahitaji ndugu. Lakini kunyanyua mguu na kutazama kisigino ni nusu dakika, na nusu dakika hiyo tunayo. Wenzangu wengi hawaitumii kwa sababu hawakuzoeshwa kuitazama. Tumezoeshwa kutazama makalio. Makalio ndiyo yanayoongoza kwa vidonda hivi, kisigino kinafuata nyuma yake, na kwa mgonjwa wa mguu mmoja mimi naanza na kisigino.

Kipimo kipo cha kumpima mgonjwa siku anapolazwa, kinaitwa Braden, kimetumika tangu miaka ya 1980. Unaangalia vitu sita: anasikiaje maumivu, ngozi ina unyevu kiasi gani, anatembea, anajigeuza, anakula, na anavyoburutika kitandani. Alama zinaanzia 6 hadi 23, na mwenye 18 kushuka chini yuko hatarini. Ila mgonjwa wa kisukari aliyekatwa mguu anaweza kupata 19, bado anaongea vizuri na anakula vizuri, ukasema huyu salama. Kwangu mimi kukatwa mguu peke yake kunatosha. Hangojewi alama.

Na kazi ianze chumba cha upasuaji. Saa mbili au tatu juu ya meza ngumu, ganzi imepanda, kisigino cha mguu unaobaki kimelala tu. Tukikubaliana na wenzetu wa kule waweke mto chini ya shavu tangu mezani, mgonjwa anafika wodini hajaumia.

Asiye na ndugu ndiye anayeninyima usingizi. Wodini kwangu nimewaomba wauguzaji wa kitanda jirani wamwinulie mguu wanapoinua wa kwao. Hakuna aliyekataa mpaka leo.

Mzawa wa Nachingwea

Nimekuelewa sista. Mama yangu hakupimwa na mtu, hilo ndilo linaloniuma. Lakini nimekuelewa.

Binti wa Mahuta

Wanajamvi, kijana wa Newala amenipigia. Walipofika nyumbani walivua soksi. Kuna gamba jeusi kavu nyuma ya kisigino, kama nusu ya korosho. Jirani anawashauri waliloweke kwenye maji ya chumvi litoke "ili kidonda kipumue". Nimewaambia wasubiri. Sista tafadhali.

Sista wa Zamu ya Usiku

Wasiliguse! Gamba jeusi la kisiginoni likiwa kavu, gumu, limeshikamana pande zote, hakuna wekundu wala uvimbe wala harufu, linaachwa. Kwa mguu ambao damu inafika kidogo, gamba lile ndilo kifuniko. Ukililoweka na kulibandua unafungua mlango hadi kwenye mfupa, na mguu wenyewe hauna damu ya kutosha kuponyesha shimo hilo. Likae kavu, lifunikwe kwa gozi kavu ya kufungia vidonda, kisigino kiwe hewani saa zote.

Lakini dada, wewe uliona soksi imelowa. Gamba kavu halilowanishi soksi. Kuna upande umefunguka, ama chini yake pana majimaji. Kwa hiyo warudi hospitali, si wiki ijayo, ni kesho. Wakiona ukingo unalainika, usaha, harufu, mguu unapata joto, au mzee anapata homa au sukari inapanda bila sababu, waende usiku huohuo. Na waombe daktari apime mapigo ya damu juu ya unyayo. Siku hizi tuna hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, Mtwara, si lazima kila jambo liende Muhimbili, kilomita zaidi ya 550.

Chakula nacho: nyama ya mwili haijengwi na uji mtupu. Kwa mwenye kidonda au aliye hatarini tunalenga protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mzee wa kilo 60 apate kama gramu 75 hadi 90. Yai lina gramu 6 hivi. Samaki, dagaa, mbaazi, kunde, choroko, vyote viko Newala. Mwenye figo mbovu aulize daktari kwanza.

Binti wa Mahuta

Nimewapigia. Wanapanda gari la alfajiri.

Kitunda Ng'ambo

Siku ya sita leo. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na hofu ya kusema mapema.

Lile joto limeisha. Ilichukua siku tatu. Pagumu pamelainika, pamebaki panafanana na pembeni. Sista wa zamu ya mchana aliandika kwenye faili kama mlivyoniambia, na daktari alipopita raundi alifunua kigutu, halafu akauliza mwenyewe, "Na kisigino?" Nilitaka kulia.

Nimekata sponji kwa fundi kochi, kama alivyosema dada Binti. Mama mdogo sasa anajinyanyua kwa mikono, na akisahau akakita mguu, yule bibi wa kitanda cha pili anamwita kwa sauti, "We mwana, kisigino!" Bibi huyo naye kakatwa, na mjukuu wake ameomba kipimo cha sponji.

Tumeambiwa tutatoka Jumamosi. Tunavuka na kivuko kwenda Kitunda, kisha bajaji mpaka nyumbani. Nauliza: kwenye kivuko atakaa kwenye benchi, mguu niuweke vipi?

Fizio wa Kusini

Kivuko ni dakika chache tu. Akae, goti limekunjwa, unyayo wote chini ukikanyaga kiatu chenye soli laini. Akikaa hivyo uzito uko chini ya unyayo, nyuma ya kisigino hakuna kinachogusa. Shida ni bajaji, mtajaribu kumnyooshea mguu kwenye kiti. Hapo sponji iende chini ya shavu kabla hamjaondoka, na mmoja akae upande huo auzuie usiteleze kwenye matuta.

Kitunda Ng'ambo

Asante sana kaka. Tunavuka saa nne asubuhi. Sponji naibeba mimi mwenyewe mkononi, siiweki kwenye mizigo.